Kipimo cha Kivuli

Nilikuwa nimesahau kamba.

Hiyo tu ndiyo iliyonirudisha mapangoni jioni ile ya Oktoba. Kamba mpya ya mita thelathini, niliyoitumia mchana kuwapandisha wageni wawili kutoka Bucharest. Kazi yangu ni hiyo mpaka leo: nawaongoza watu kwenye mapango ya milima ya Buzău, ambako watawa wa zamani walichonga vyumba ndani ya mwamba, wakachonga vitanda na misalaba, kisha wakafa humohumo. Wageni hupiga picha, hugusa masizi ya ukutani, huuliza kama kuna popo. Mimi nimezaliwa chini ya mwamba ule. Nyumba za kijiji chetu zimejikunyata chini yake kama kuku chini ya meza.

"Iache, utaichukua kesho," mke wangu Stanca aliniambia mlangoni.

"Italowa umande."

"Haya. Lakini usikae, Sofron."

Kaka yangu Vichentie alikuwa uani akipasua kuni. Tuliishi nyumba moja, yeye chumba cha mbele, mimi na Stanca na binti yetu mdogo Ilinca chumba cha nyuma. "Mwache aende, shemeji," akasema. "Anamfuata mchumba wake wa mawe. Huyo hapigi kelele."

Stanca akacheka. Mimi sikucheka. Tangu majira ya joto mimi na kaka tulikuwa tukigombania shamba la plamu aliloacha baba, na kila utani wake uliniingia kama mwiba.

Nilipanda nusu saa. Pango la tatu lina vyumba viwili: ukumbi wa mbele, ambao mlango wake unatazama jua linakozama, na nyuma yake chumba kidogo cha giza ambacho mtu huingia kwa kuinama. Kamba ilikuwa ukumbini, palepale nilipoiacha. Nikainama kuiokota.

Ndipo nikasikia harufu.

Udongo mbichi. Na nta ya mshumaa, ya moto, kama kanisani.

Kisha sauti, kutoka chumba cha nyuma.

Kwaruu... kwaruu... kwaruu...

Nikachungulia. Mshumaa mmoja sakafuni. Bibi mmoja amepiga magoti mbele ya ukuta, mwiko wa fundi mkononi, anapaka udongo. Nilimtambua mara moja: Mama Pelaghia. Sote tulimjua. Alivaa kitawa ingawa hakuna monasteri iliyowahi kumkubali, na aliishi peke yake kwenye kibanda kando ya mapango. Tulimpelekea unga na jibini. Alitutibu watoto. Alinipangusa kamasi mimi nilipokuwa mdogo, siku mama yangu alipozikwa.

Sijui kwa nini sikumwamkia. Nilijibanza kwenye kona ya ukumbi. Baada ya kitambo alitoka na ndoo, akapita karibu yangu bila kuniona, akaenda kuteka maji kwenye chemchemi ya nje.

Nikaingia.

Ukuta ule niliujua tangu utotoni. Lakini sikuwahi kuutazama kwa mshumaa wa chini, ukimulika kwa ubavu. Ulikuwa umejaa viraka. Viraka vya udongo vya ukubwa wa kiganja, vimepangwa mistari mistari, na juu ya kila kiraka kuna jina lililokwaruzwa kwa msumari. GHENADIE. Mwalimu wetu, aliyeanguka akiwa anafundisha. DOROTEIA. Msichana wa mfugaji nyuki.

SALOMEIA.

Jina la mama yangu.

Kwetu hakuna mtoto asiyejua habari hii. Zamani, fundi akitaka ukuta wake usianguke, alipima kivuli cha mtu kwa uzi, akaufukia uzi ule ndani ya ukuta. Ukuta ulisimama. Mwenye kivuli alikufa kabla ya siku arobaini kwisha. Tulisimuliwa hivyo tukiwa tumejifunika mablanketi, tukacheka, tukalala.

Kiraka cha mwisho kilikuwa bado kinang'aa kwa maji.

SOFRON.

Nilikichimba kwa kucha. Ndani mlikuwa na uzi mweusi umechovywa kwenye nta, umeviringwa kama konokono. Niliutoa. Niliuangusha mara mbili.

Na juu ya kichwa changu mwamba ukasema... ka-ak.

Mchanga ukaanza kumwagika. Mwembamba, kama unga kwenye chekecheo.

"Umeutoa."

Mama Pelaghia alikuwa mlangoni na ndoo yake. Hakupandisha sauti. Alikuwa na uso uleule niliouzoea, uso wa mtu anayekuuliza kama umekula.

"Bibi," nikasema, "ni nini hiki?"

"Punguza sauti, mwanangu. Mwamba umechoka." Akaketi juu ya kitanda cha mawe, taratibu, kwa sababu ya magoti. "Unauona ule ufa? Chini yake kuna nyumba arobaini. Mwalimu aliushika miaka sita. Mama yako, Mungu amrehemu, aliushika kumi na moja. Alikuwa na kivuli kizuri. Kirefu."

"Ulimuua mama yangu."

"Nilimpima. Kwa heshima. Nikamwombea siku zote arobaini."

Ka-ak. Jiwe la ukubwa wa yai likaanguka kati yetu.

"Nani alikupa kipimo changu?" nikauliza. "Wewe hujafika kwetu tangu Pasaka."

"Mtu wa nyumbani kwako."

"Nani?"

"Hilo nimeapa kutolitamka." Akapangusa mchanga begani mwake. "Rudisha uzi, Sofron. Au weka mwingine. Mimi sibagui. Lakini fanya haraka, watu wanakula chakula cha jioni huko chini. Ilinca wako yuko mezani."

Mtu wa nyumbani kwangu. Sikuhitaji kufikiri sana. Jioni iliyopita, jua likiwa mgongoni mwetu, nilisimama uani nikivuta sigara, na Vichentie alikuwa akitambaa karibu na miguu yangu na kamba, akisema anapima mbao. Anapima mbao! Shamba la plamu lingekuwa lake lote. Damu ilinipanda mpaka masikioni.

Na hapo hapo nikasikia hatua nje. Na mluzi.

"Sofron! We mwanaume! Umeoa huko ndani au vipi?"

Alikuwa amefika kwenye mlango wa ukumbi. Jua lilikuwa nyuma yake, jekundu, limeshuka mpaka usawa wa kizingiti. Kivuli chake kiliingia pangoni kabla yake. Kikapita sakafu yote ya ukumbi, kikapenya kwenye upenyo wa chumba cha nyuma, na kichwa cha kivuli kikaja kulala juu ya magoti yangu.

Mama Pelaghia alinitazama. Akachukua kibonge cha uzi mweusi kutoka mfukoni, akaniwekea ncha moja mkononi. Akainuka na ndoo yake na ncha ya pili, akaenda ukumbini.

Ningeweza kuutupa ule uzi. Nataka mjue kwamba nilikuwa na muda wa kuutupa.

"Kaka," nikaita, "simama hapohapo. Usisogee. Kuna shimo limefunguka sakafuni, utavunjika mguu."

"Shimo? Wewe uko salama?"

"Niko salama. Simama tu."

"Nimesimama," akasema. Na kweli alisimama, wima, mikono ubavuni, kama mtoto anayepimwa shati.

Nikamsikia Mama Pelaghia akimwamkia. "Ah, Vichentie! Umenenepa wewe."

"Bibi naye yumo? Basi Sofron kapata mchumba kweli." Akacheka. "Ngoja nikubebee hiyo ndoo."

"Usijisumbue, baba. Ngoja niitue tu, mgongo huu..."

Akainama miguuni pake kuitua ndoo. Uzi ukanyooka sakafuni, mweusi ndani ya kivuli cheusi. Ukakaza kwenye vidole vyangu. Nikauvuta mpaka kwenye utosi wa kile kivuli.

Nikaukata kwa meno.

"Mbona kimya?" kaka akauliza. Sauti yake ilikuwa imepoa kidogo. "Sofron? Hapa pana baridi ghafla."

"Nakuja. Nisubiri nje."

Nilichovya uzi kwenye nta. Nikauviringa. Nikausukuma ndani ya tundu langu, nikaziba kwa udongo, nikaandika jina lake kwa ukucha. Herufi tisa. Nilipomaliza ya mwisho, mchanga ukakatika.

Kimya.

Hata popo hawakupiga mbawa.

Tulishuka pamoja, mimi na kaka yangu. Nilikuwa natetemeka. Akavua koti lake akanivika, akachukua kamba akaibeba yeye. "Una homa," akasema. "Ukifika unywe pombe ya plamu, ujifunike. Na lile shamba... tutaongea, mdogo wangu. Hatuwezi kuishi hivi." Alisema hivyo. Nami sikumjibu, kwa sababu niliamini ananichezea.

Siku ya tano alianza kulalamika baridi. Siku ya kumi na mbili aliacha kula. Ugali, soseji, supu ya kabichi, vyote alisema vina mchanga. Mjini daktari alimsikiliza mapafu, akampiga picha, akampa vidonge. Vichentie akarudi akalala kwenye chumba cha mbele, karibu na jiko, makoti matatu juu yake.

"Sofron," aliniambia usiku mmoja, "kila nikifumba macho naona nimelala ndani ya jiwe. Na kuna watu humo. Wamenibana huku na huku." Akavuta koti la juu mpaka kidevuni. "Mama yumo. Ananiuliza ni nani aliyeniingiza."

"Umemjibu nini?"

"Kwamba sijui."

Siku ya thelathini nilishindwa kuvumilia. Nilipanda na patasi na nyundo. Nilipiga kile kiraka mpaka patasi ikavunjika. Hakikuwa udongo tena. Kilikuwa mwamba, na jina la kaka lilikuwa limechongeka ndani yake kana kwamba limekaa karne tatu.

Mama Pelaghia alikuja akasimama nyuma yangu.

"Nilipokuwa naweka mimi, ungeweza kuutoa siku hiyohiyo kwa kucha, kama ulivyotoa wako," akasema kwa upole. "Huu umewekwa na mtu wa damu yake mwenyewe. Umeshika vizuri mno. Huu utadumu."

Vichentie alikufa asubuhi ya siku ya arobaini. Tulipomwosha, tulikuta udongo mbichi katikati ya meno yake.

Baada ya mazishi tuligawa ngano iliyochemshwa kwa asali, kama inavyotakiwa, na majirani wakaondoka mmoja mmoja. Nikabaki jikoni na Stanca. Alikuwa anaosha sahani. Mgongo wake ulianza kutikisika, nikadhani analia.

"Ilikuwa uwe wewe," akasema.

Sikuelewa. Au nilielewa, mwili ukakataa.

"Alinijia mimi," akasema, bado amenipa mgongo. "Bibi Pelaghia. Alinisubiri makaburini. Akasema zamu ni ya nyumba yetu. Akasema kivuli cha mtoto kinashika zaidi, kwa kuwa bado kinakua. Nikamwambia Ilinca hapana. Akasema basi nichague." Akaisuuza sahani ileile mara ya pili. "Nilikupima ukiwa umelala. Niliweka taa sakafuni. Nikahesabu siku, Sofron. Nikakupikia kila ulichokipenda. Kisha nikaona anayekonda ni yeye."

"Na Vichentie?" nikauliza. "Alijua?"

"Ajue nini, masikini?"

"Alikuwa uani na kamba. Anapima."

"Alikuwa anapima mbao za kitanda cha Ilinca." Hapo ndipo akageuka. "Kwa nini unauliza?"

Nilijikuta nikikwaruza meza kwa ukucha. Alinitazama kwa muda mrefu, macho yakishuka polepole mpaka kwenye vidole vyangu, na sahani ikamponyoka ikavunjika. Hatukuokota vipande. Tuliketi pale mpaka kukawa giza kabisa, na hakuna aliyenyoosha mkono kuwasha taa.

Mama Pelaghia alikufa miaka miwili baadaye, majira ya baridi, kitandani mwake, kwa amani. Mwaka uliofuata walikuja wataalamu wa miamba na vyombo vyao. Niliwaongoza mimi. Walikaa wiki nzima wakipima, na mwisho yule mkuu wao, mtu mchangamfu, akanipiga bega akaniambia tulale salama: mwamba ule ni mzima, na ufa tunaouogopa haukwenda ndani hata kiganja kimoja. Haukuwahi kwenda. Ningefurahi, alidhani. Nilimuuliza kuhusu mchanga. Akasema mchanga huanguka katika kila pango.

Wageni bado wanakuja. Nawafikisha mpaka ukumbini tu, nawaambia chumba cha nyuma kina hewa mbaya. Wengine hupenya nikiwa sitazami. Hutoka haraka, wakicheka kicheko kisicho na raha, na mmoja, mwanamke wa makamo, aliniuliza ni nani huyo anayehema nyuma ya ukuta.

Ilinca ameolewa, yuko mbali, hajui lolote. Mimi na Stanca bado tuko nyumba ileile. Tunasalimiana, tunakula meza moja mchana. Ila jua likianza kushuka, hatukai uani pamoja. Mmoja akitoka, mwingine huingia ndani, hufunga mlango, na kusikiliza nyayo za mwenzake mpaka giza liingie.