Kitanda cha Watu Wawili

"Mdoe, veneer maana yake nini?"

Ujumbe wa Agripina, baada ya miaka mitatu ya kimya. Hata salamu hakuna! Nikaweka randa chini.

"Umeliona wapi?"

"Limeandikwa nyuma ya kitanda alicholeta Fabiani. Anasema ni Kiingereza cha mninga daraja la kwanza. Ndoa Jumamosi."

Fabiani! Bwana Tai, asiyevua tai shingoni, aliyemwambia Mzee Mhina kwamba mimi, fundi wa Kabuku wa darasa la saba, nitamwaibisha binti yake Agripina. Mzee akanikataa, na kitanda cha mninga anachomdai kila mkwe nilikuwa nimeshakimaliza. Sijasahau hata neno moja.

Nikapanda pikipiki, kamusi kwapani, hadi Korogwe kwa Mzee Mhina.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimeitwa kutafsiri."

Fabiani, aliyesimama kando ya kitanda chake, akacheka. "Wewe? Kiingereza umejifunzia kwenye maranda?"

"Ndiyo. Veneer ni ganda la mti mzuri, jembamba kama karatasi, linabandikwa juu ya takataka. Waingereza walilitoa kwa Wajerumani, Wajerumani kwa Wafaransa. Kule mwanzo lilimaanisha kuipatia nyumba mahitaji yake. Limetembea weee, mpaka likabaki ganda. Kama wewe."

"Mzee, huyu ana wivu!"

"Ninao. Lakini mninga ni mzito. Kitanda hiki kilibebwa na wangapi?"

"Wawili," Agripina akadakia. "Na mmoja alikuwa anaongea na simu."

Mzee Mhina, aliyepasua mbao Handeni miaka thelathini, akapiga magoti, akapitisha ukucha ukingoni. Ganda likanyanyuka. Chini yake maranda na gundi.

"Fabiani, ulijua?"

"Mzee, siku hizi ndiyo mambo yenyewe. Nani atainama kuchungulia?"

"Nilikuuliza mara mbili," Agripina alisema, akivua pete. "Mara mbili ukaniapia kwa mama yako. Shika. Na kitanda ondoka nacho, si chepesi?"

Akaondoka nacho, kweli, anakiburuta kama mbuzi aliyegoma.

Mzee akakohoa. "Mdoe, kile chako ulikiuza?"

"Nakilalia."

"Basi kilete, mwanangu."

Mwanangu! Leo!

"Sikileti. Anayekitaka aseme mwenyewe."

Agripina akanitazama usoni. "Nilinyamaza mzee alipokukataa. Nisamehe. Nakitaka, na fundi wake."

Lakini mzee sikumwachia.

"Basi mzee, tafuta wanaume watatu uje nao Kabuku. Kitanda kina miguu minne. Wa nne utashika wewe."