Rubani wa Ziwani

Mchana wa Agosti, karakana ya Al Quoz ikiwaka kama tanuri, Shafik alitoka ndani ya ile ndege meno yakigongana kwa baridi.

“Kiti kimelowa tena,” alimwambia mkewe Rukiya, mfagizi wa hapo hapo. “Na jana nilikikausha kwa mikono yangu.”

Ilikuwa ndege kuukuu ya vita, iliyoopolewa katika ziwa moja huko Ufini. Arbab, bosi wao Mwarabu mwenye karakana, aliinunua, na Shafik, fundi bati wa Malindi, ndiye aliyepewa kuitengeneza. Tangu hapo akawa ananuka tope la ziwani hata akioga. Kisha akaanza kusema usingizini lugha asiyoijua, akipiga dirisha la chumba chao mtaa wa Discovery Gardens mpaka ngumi zikavimba.

Ijumaa baada ya sala, karakana ikiwa tupu, Rukiya alimleta Sheikhan, Mmombasa anayewasomea wenye majini. Walimkuta Shafik ndani ya ndege, amefungiwa na kifuniko cha kioo, macho yamemtoka.

“Nani wewe?” Sheikhan aliuliza kwa sauti ya chini.

“Rubani,” ilijibu sauti nyembamba, si ya Shafik. “Mtoto wa mkulima. Mama alinifumia glavu nikaenda kupigana na Warusi. Niliwaangusha wengi, nikavishwa nishani, nikawa silali, naona nyuso zao. Siku yangu ilipofika niliangukia barafu, ikapasuka, nikazama ningali hai. Kifuniko kilikataa kufunguka. Nifungulieni!”

“Usifungue, dada,” Sheikhan alinong'ona. “Niache nimsomee kwanza, atoke.”

Lakini maji meusi yalikuwa yanapanda mle ndani, magotini, kifuani, shingoni mwa Shafik, na Rukiya akanyakua mtarimbo, akakipiga kile kioo huku analia, akapiga tena huku Sheikhan anamvuta nguo na kumsihi, mpaka kikavunjika, na hakuna hata tone lililomwagika.

Mumewe akashuka. Akavuta pumzi ndefu.

“Ahsante, dada,” alisema kwa ile sauti nyembamba. “Mama atakuwa ananingoja.”

Akatoka, akapotelea juani.

Ndipo ngumi zikaanza kugonga bati la ndege kwa ndani, na sauti ya Shafik, hafifu, ikaita, “Rukiya! Rukiya!”

Sheikhan alikimbia. Rukiya akapanda kwenye ndege tupu, akazamisha mikono katika maji asiyoyaona, akawa anapapasa, akimtafuta mumewe.