Bikari Kwenye Njia ya Ndege

Kila asubuhi, jirani zake wakiwa bado wanapigana na usingizi, mama yake Chiriku alikuwa ameshavaa buti zake nyeusi na kizibao chake cha kung'aa, anakunywa chai akiwa amesimama. Alikuwa mkaguzi wa njia ya kurukia ndege. Wenzake mtaani walikwenda kazini kuandika, kuuza au kushona. Yeye alikwenda kutazama chini. Aliipita ile lami ndefu kipande kwa kipande, akiokota vijiwe, misumari, vipande vya waya na kila kitu kisichotakiwa kuwa pale.

"Mama, kwani kijiwe kitaifanya nini ndege kubwa vile?" Chiriku alimwuliza siku moja. Hilo la Chiriku lilikuwa jina la utani. Alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

"Injini ya jeti ni mlafi asiyechagua chakula," Mama alijibu. "Inavuta kila kilicho mbele yake. Ikimeza chuma, inavunjikavunjika kutoka ndani. Na tairi likipasuka kwa mwendo ule, mwanangu, hakuna fundi wa kukimbilia."

Bibi, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alicheka. Yeye alikumbuka kisiwa kilipokuwa na uwanja wa nyasi tu, na mlinzi wa kufukuza mbuzi kila ndege ilipokaribia. Siku hizo ilikuja ndege ndogo, na abiria walipimwa uzito pamoja na mizigo yao ili rubani ajue nani akae wapi.

"Mimi nilipandishwa kwenye mizani ya magunia mbele ya watu wote," alisema. "Karani akausoma uzito wangu kwa sauti kama anayetangaza mnada. Mungu amsamehe, maana mimi bado."

Baada ya nyasi ikaja lami. Zikaja taa za usiku, ukaja mnara wa kuongozea ndege, zikaja ndege za mapangaboi mawili zilizounganisha kisiwa na kisiwa. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri meli mpaka wakakata tamaa, sasa walifika hospitali kuu siku ileile. Na mwaka huu lami ilirefushwa hadi karibu na ufuo, kwa kuwa taifa lile dogo la visiwa lilikuwa limenunua jeti yake ya kwanza. Watu wazima na akili zao walikwenda jioni kuitazama lami tupu, wakarudi nyumbani kimya kimya.

Tatizo lilikuwa moja. Tangu enzi za nyasi, watu wa mtaa ule walizoea kukatiza uwanjani kwenda shuleni na sokoni. Lami iliporefushwa, ulijengwa uzio wa waya, na njia ya kuuzunguka ikawa ndefu ya kuchosha. Sasa mazoea yana taabu. Nyuma ya karakana ya seremala, mtu fulani aliutenganisha waya na nguzo, akatengeneza kikulabu cha kuufungia. Ukipita, unaurudisha na kuufunga vizuri, hata mtu asimame karibu asigundue. Mtaa mzima ulilijua tundu lile. Aliyekuwa halijui ni Mama peke yake, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia.

Siku ya jeti ikafika. Mama alikuwa amepandishwa cheo karibuni, akawa mkuu wa wakaguzi, na usiku wa kuamkia siku ile hakula vizuri. "Kwenye mkutano kuna waliosema aletwe mtaalamu kutoka nje," alimwambia Bibi. "Eti kazi hii itanishinda. Kesho lami ile iko mikononi mwangu. Ikiharibika, imeniharibikia mimi."

Chiriku naye alikuwa na lake. Alichaguliwa yeye, kati ya wanafunzi wote, kumkabidhi rubani maua. Asubuhi alivipiga viatu rangi mara mbili, akajitazama kwenye kioo, akazifumua nywele na kuzisuka upya. Alipokuja kushtuka, rafiki yake Mapengo alikuwa dirishani anahema.

"Wenzetu wote wameshafika! Tukizunguka barabarani hatuwahi."

Walitazamana. Hakuna aliyelitaja tundu, lakini miguu ilielekea huko yenyewe.

Wakiwa wamejibanza nyuma ya karakana, waliliona gari la njano la ukaguzi likimaliza mzunguko wa mwisho, taa yake ikimulika juu. Aliyekuwa akiendesha ni Mama. Walingoja litokomee, wakafungua kikulabu, wakapenya, wakatimua mbio. Katikati ya lami, mkoba wa Chiriku uliokuwa umefumuka ubavuni ulitema mkebe wa hesabu. Mkebe ukapiga chini, ukafunguka, vilivyomo vikatawanyika. Mara king'ora cha kutangaza kwamba ndege inakaribia kikalia. Chiriku aliokota rula, penseli na kifutio haraka haraka, kisha wakakimbia bila kutazama nyuma.

Walipofika kwenye kundi la wanafunzi, mbele ya jengo la abiria, Mwalimu Mkuu alimpa Chiriku maua na kumwonya kwa macho. Chiriku akafungua mkebe wake ili apange vitu. Bikari yake ya chuma haikuwamo.

Alitafuta kwenye mkoba. Akatafuta mifukoni. Akamnong'oneza Mapengo.

"Labda umeisahau nyumbani," Mapengo alisema.

"Niliirudisha mkebeni mwenyewe jana. Iko kule."

Mapengo alimvuta kando. "Basi nyamaza. Ukisema, watauliza tulipita wapi. Mama yako atafukuzwa kazi. Maua atapewa mwingine. Uwanja wenyewe mkubwa kama nini, ndege itaikanyagia wapi bikari moja?"

Kila neno lake lilikuwa na ukweli kidogo, na hapo ndipo lilipomwuma Chiriku. Alisimama na maua yake, kimya kama maji ya mtungi. Mwalimu Mkuu alimgeukia. "Chiriku, unaumwa? Leo hata salamu hujatoa." Akatikisa kichwa tu.

Kisha mtu mmoja alinyoosha kidole. Mbali juu ya bahari kulikuwa na nukta ya mwanga. Ilikaa palepale kwa muda, mpaka watu wakaanza kubishana kama ni nyota. Halafu ikaota mabawa. Umati ulinyamaza, watoto wachanga wakanyamaza, hata muuza samaki, ambaye hakuwahi kunyamaza sokoni, alivua kofia yake akaishika kifuani. Kitu kizito kuliko nyumba zao zote kilikuwa kinakuja kikielea hewani, taratibu, bila wasiwasi, kana kwamba njia yake ilichorwa huko juu.

Chiriku alikiona kizuri mno, na uzuri huo ukamtia hofu. Mle ndani wamo watu, alifikiri. Kuna bibi wa mtu. Kuna mtoto amekaa dirishani. Hawajui chochote. Aliyaweka maua chini, akapita chini ya kamba na kukimbia hadi kwenye gari la njano, Mama alipokuwa amesimama na redio mkononi.

"Mama, bikari yangu imeanguka kwenye njia ya ndege."

Mama alimtazama. Hakuuliza alifikaje huko. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Mama aliinua redio mdomoni. Sauti yake haikupanda. "Mnara, hapa ukaguzi. Kuna chuma kwenye njia. Ndege isitue. Narudia, isitue."

Jeti ilikuwa imeshashuka kiasi cha kuonekana magurudumu yake. Ghafla injini zilinguruma, pua ikainuka, na ndege nzima ikapita juu ya vichwa vyao, nyeupe, ndefu, tumbo lake likionekana kila mshono. Mngurumo ule Chiriku aliusikia kifuani kabla ya masikioni. Watu walijishika vichwa. Bibi, aliyekuwa katikati ya umati, aliketi chini palepale. Chiriku aliitazama ikipanda tena mawinguni. Neno lake, la mtoto wa darasa la sita, limeinua kitu kama kile.

"Ingia garini," Mama alisema.

Walikwenda hadi pale Chiriku alipokumbuka kuona namba kubwa nyeupe iliyochorwa chini. Wakashuka, wakatembea sambamba, macho lamini. Kwa mara ya kwanza Chiriku aliiona kazi ya mama yake. Lami ilitanda mbele yake mpaka ikakutana na mbingu, na juu yake kila doa lilifanana na chuma. Mtu mmoja, na macho mawili, huikagua yote hii kila siku. Alistaajabu jinsi alivyoishi nyumba moja na mtu huyu asimjue.

"Ile pale," alisema.

Bikari ilikuwa imelala kwenye ufa mwembamba pembeni mwa rangi nyeupe, ncha yake imeelekea juu. Mama aliiokota na kuifunga kwenye leso.

"Mama, watakufukuza?"

"Huenda. Ndege itue kwanza."

Walirudi wakikagua njia yote upya, ndipo Mama akautangazia mnara kwamba ni safi. Jeti ilizunguka juu ya bahari, ikaja mara ya pili. Magurudumu yaligusa lami yakatoa moshi mdogo wa bluu, mabawa yakafunguka vipande vipande yakikamata upepo, na mnyama yule mkubwa akapunguza mwendo mpaka akawa anatembea kama mgeni anayetafuta namba ya nyumba. Watu walisahau kupiga makofi. Kuna mzee alikuwa analia wazi wazi, wala hakujificha.

"Kawia ufike," Bibi alisema, akijipangusa vumbi.

Meneja wa uwanja alikuja mbio, shingo imemvimba. "Mtoto amefikaje kwenye njia ya ndege?"

"Amepita kwenye uzio," Mama alijibu. Njiani Chiriku alikuwa amemsimulia yote. "Kuna tundu ambalo sikuliona. Kukagua uzio ni kazi yangu, na kosa ni langu."

Chiriku akaanza kulia. Kumsikia mama yake akibeba lawama mbele ya watu kulimchoma kuliko fimbo. "Ni mimi, bwana meneja. Nilijua hairuhusiwi."

Wakati huo rubani alikuwa ameshuka ngazi, mama wa makamo mwenye mvi juu ya paji la uso. Alipokea maua kutoka kwa msichana mwingine, akashukuru, kisha akauliza, "Nani aliyetuzuia tusitue?" Mama alimfungulia ile leso. Rubani aliishika bikari, akaigusa ncha yake kwa kidole.

"Nyuma yangu kulikuwa na watu wamejaa kila kiti," alisema. Akamwinamia Chiriku. "Ulipomwambia mama yako, ulijua utagombezwa?"

"Ndiyo, shikamoo."

Watu waliokuwa karibu walicheka, na rubani akatabasamu. "Marahaba. Bwana meneja, kwenye kazi yetu anayesema kosa lake hatumwadhibu kwa kulisema. Tukimwadhibu, wa kesho atanyamaza, na mimi sitaijua hatari mpaka nitue juu yake."

"Sawa," alisema meneja, "lakini tundu? Nani mwingine amekuwa akipita hapo?"

Watu walianza kuchunguza viatu vyao. Kisha Bibi akanyoosha mkono, polepole, akitazama kando. Mapengo akanyoosha. Seremala akanyoosha, kisha muuza samaki, kisha mikono ikaongezeka kama ya darasani. Mwalimu Mkuu alirekebisha tai yake, akakohoa, akanyoosha wa kwake. Mwisho kabisa, nyuma ya meneja, dereva wake mwenyewe aliinua kidole kimoja.

Meneja aliwatazama wote, hasira ikamwishia mahali pasipojulikana. "Mji mzima," alisema. "Mji mzima mnajua, na mkuu wangu wa ukaguzi hamkumwambia."

Mama hakufukuzwa. Tundu lilizibwa siku ileile na seremala mwenyewe, bila malipo, na meneja akaahidi gari la kuwazungusha wanafunzi mpaka shuleni. Chiriku na Mapengo walipewa adhabu: kila Jumamosi waukague uzio pamoja na Mama, kwa muhula mzima. Kuyakosa maua kulimuuma Chiriku. Alimwona yule msichana akipigwa picha na rubani, akajua nafasi ile hairudi.

Jumamosi ya kwanza walipokuwa wakitembea kando ya waya, jeti ilipaa. Wote watatu walisimama kuitazama mpaka ikamezwa na mawingu.

"Siku ile nilisema lami ni safi," Mama alisema baadaye. "Niliikagua kwa macho yangu mwenyewe, kumbe mlipopita nyuma yangu haikuwa safi tena. Ningesimama pale ninajivuna, ndege inatua."

"Nisamehe, Mama."

"Nilishakusamehe. Sasa nisikilizeni, nyote wawili. Rubani hanioni mimi. Mimi simwoni aliyekaza boliti za ndege. Abiria hamjui yeyote kati yetu. Ile ndege inakaa angani kwa sababu watu wasioonana wanaambiana ukweli, hata ukweli unaowaaibisha. Kukosa kila mtu hukosa. Lakini mmoja wetu akikosa na kunyamaza, anakuwa amewaamulia wengine wote wafe bila kuwauliza."

Mapengo aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze," alisema.

Mama aliweka mkono begani mwake. "Na leo umesema," alijibu, wakaendelea kutembea, wakivuta waya mmoja mmoja kuona kama umekaza.