Mgeni Kwenye Mkanda wa Careen

Jua lilikuwa limeegemea mbugani Careen alipoingia studio ya Raheli, pale mjini Same, na mkanda wa filamu mkononi.

"Shikamoo, dada Raheli. Ni picha za harusi yetu kule Chome. Nathanaeli anasema huku kwetu ni wewe tu unayesafisha filamu."

"Marahaba. Njoo kesho jioni."

Raheli alijibu kwa sauti tulivu. Lakini huyo Nathanaeli alikuwa ameahidi kumwoa yeye, Raheli. Siku Nathanaeli alipomwoa Careen, Raheli alijifungia chumbani kwake, akalia mpaka koo likakauka.

Careen alipotoka, Raheli akafunga mlango.

Dawa ya filamu ya rangi haitaki mchezo. Ikipoa, picha hufifia. Ikizidi joto, au mkanda ukikaa humo mno, rangi huasi na nyuso huwa nyekundu kama vidonda. Raheli alilijua hilo. Akaongeza maji ya moto... akaongeza tena. Akauacha mkanda humo, huku akinong'ona:

"Usipendeze. Hata picha moja, usipendeze."

Harufu ya dawa ikabadilika. Ikawa ya udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Mkanda ulipokauka, akaupitisha kwenye skana. Picha zilikuwa zimeharibika kama alivyotaka. Wekundu umemwagika kila mahali, maharusi hawatazamiki.

Isipokuwa mtu mmoja.

Mwanamke wa gauni la kijani, kasimama mbali, kwenye migomba. Rangi zake safi kabisa. Picha iliyofuata, yuko mlangoni mwa kanisa. Iliyofuata... nyuma ya bibi harusi.

Raheli akasogeza uso kwenye kioo cha kompyuta.

Alikuwa yeye mwenyewe.

Katika picha ya mwisho alikuwa amemshika Careen begani, vidole vimezama nyamani.

Dawa kuzidi moto huharibu rangi. Haiongezi mtu.

Kesho yake jioni Careen alirudi, mkono ameufunga kwa kanga.

"Ni bega, dada. Limeanza kuuma jana magharibi. Hospitali hawaoni kitu."

Raheli akamtazama. Kitu kama furaha kikamtambaa kifuani, na hicho ndicho kilichomwogopesha kuliko picha.

"Halafu siku ile ya harusi," Careen akasema taratibu, "mbona uliondoka bila kula? Mama mkwe alikuwekea chakula."

Raheli akafungua mdomo aseme kwamba hakwenda Chome.

"Nilishiba," akajisikia akijibu.