Kifundo cha Swala

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Swala alinyoosha mguu mkekani ili dada yake aufunge bendeji. Dada alikuwa akisomea utunzaji wa wanamichezo katika chuo kidogo cha jirani, na mguu wa mdogo wake ndio aliojifunzia.

"Hee, mguu huu umeoshwa lini?"

"Wewe funga tu. Mganga hachagui mgonjwa!"

Jina la Swala alipewa na wenzake kwa mbio zake. Jumamosi angekimbia fainali ya shule, na hakuwaza kingine. Lakini Jumanne mazoezini alikanyaga jiwe, kifundo cha mguu wa kulia kikapinda. Akajikaza kisabuni. Jioni ile akanyoosha mguu wa kushoto.

"Wa kulia umechoka kufungwafungwa," alisema. Dada akacheka, asishuku kitu.

Alhamisi dada alikuwa na mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi alitakiwa aje na mtu wa kumpima, na Swala alikuwa ameahidi zamani. Uvimbe ulikuwa umepungua. Akaamini hakuna atakayeuona.

Chumba kilinukia dawa ya kuchua. Swala alipanda kitanda kirefu, na mkufunzi, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akasimama kando. Vidole vya dada vilishuka taratibu kwenye mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Vilipofika chini ya mfupa wa nje, vikasita.

"Mwalimu, hapa pana joto na uvimbe kidogo. Nadhani kifundo kimeteguka."

Mkufunzi akamgeukia Swala. "Eti mwanangu, panauma?"

Swala aliiona Jumamosi ikimponyoka. "Hapana," akajibu.

Dada akashtushwa na jibu hilo kama aliyemwagiwa maji baridi. Akapapasa tena, safari hii bila kujiamini. "Samahani, mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. "Labda nimekosea."

Swala alimtazama. Huyu ndiye aliyesinzia juu ya vitabu, aliyembeba mgongoni alipougua. Leo alikuwa anaitilia shaka mikono yake mwenyewe kwa sababu ya neno moja.

"Hujakosea, dada!" Machozi yakamtoka. "Panauma tangu Jumanne. Nilikuficha."

"Kwa nini, mdogo wangu?"

"Ungenizuia kukimbia."

"Ningekuzuia, ndiyo. Halafu ningekulilia wewe na hiyo fainali yako." Dada akamfuta machozi kwa kiganja, akachukua bendeji, akakifunga kifundo vizuri, bila kusita tena.

Mkufunzi alivaa miwani yake, akakagua kazi. "Umefaulu, binti. Ila siku nyingine usiyakane haraka hivyo yale ambayo mikono yako imeyaona." Kisha akaketi kitandani kando ya Swala. "Na wewe, Jumamosi utakaa uwanjani ukishangilia wenzako. Ungekimbia na kifundo hiki, pengine usingekimbia tena mwaka mzima. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Shukuru wewe umeumbuliwa na dada yako."

Swala akacheka huku analia.

"Sikiliza, mwanangu," mkufunzi akaendelea. "Anayetibu hujua nusu tu ya ugonjwa. Nusu ya pili anayo mgonjwa. Ukiificha, unajiumiza wewe, na unamfunga mikono anayekupenda. Ukiumia, sema mapema."

"Nimesikia, mama," alisema Swala, akamwegemea dada yake begani.