Kinyozi na Vidonge vya Kitunguu Saumu

Kinyozi wetu ana maneno. Ukikaa kwenye kiti chake utanyolewa na utashauriwa, upende usipende. Siku zile ushauri wake ulikuwa mmoja: vidonge vya kitunguu saumu.

"Vinasafisha mishipa," aliwaambia wateja. "Mazoezi ya nini? Mimi nasimama kutwa nzima!"

Mkewe aliijua sababu. Daktari alikuwa amemwambia kinyozi kwamba mafuta yameanza kujijenga ndani ya mishipa yake ya damu na kuifanya iwe myembamba. Akampa dawa, akamwambia atembee. Kaka yake kinyozi alikuwa amekufa ghafla kwa ugonjwa huohuo. Kinyozi aliogopa sana. Akameza dawa za hospitali, akaongeza na vidonge vyake asubuhi, mchana na jioni. Kutembea akakuacha.

Siku moja alipokuwa akijinyoa ndevu, wembe ulimkwaruza kidevuni. Damu ikatoka, ikaendelea kutoka. Taulo likalowa.

"Baba watoto, hii si kawaida!" mkewe alisema. Akakimbia kumwita jirani yao, muuguzi.

Muuguzi alikandamiza kidonda mpaka damu ikakatika. Kisha akauliza, "Shemeji, unameza nini?"

Mkewe akaleta chupa zote.

"Dawa hii ya hospitali inazuia damu isigande ovyo," muuguzi alieleza. "Vidonge hivi navyo vinaweza kufanya hivyo. Ukivichanganya, damu inachelewa kukatika. Daktari anajua?"

"Sikumwambia. Si kitunguu tu?"

"Cha kwenye mboga hakina neno. Hivi vimekolezwa. Viache kwanza, kesho tumwone daktari. Dawa ya hospitali usiiache kwa kujiamulia. Na kusimama si mazoezi. Tembea haraka nusu saa, karibu kila siku."

"Haraka? Watu watadhani nimeiba!"

"Basi tutaiba wote," mkewe alisema. Wakacheka.

Daktari naye alisema vivyo hivyo. Wakaanza kutembea pamoja kila jioni. Baada ya miezi michache kipimo kilionyesha mafuta kwenye damu yamepungua, na kinyozi alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Jioni ile, njiani, mkewe alisimama.

"Umechoka?" kinyozi aliuliza.

"Hapana. Nilikuwa naogopa utaniacha, kama kaka yako alivyomwacha mkewe. Leo sina tena hofu hiyo."

Kinyozi akamshika mkono.

"Twende, mke wangu," alisema, wakaongeza mwendo.