Pumzi ya Tangi la Sita

Jumamosi ya tarehe 9 Machi 2019, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Mshonaji aliona ndoo ikitoa mapovu chini ya tangi tupu. Matangi ya kiwanda kile kidogo cha bia yalikuwa sita, na kila moja lilikuwa na mpira ulioshuka mpaka kwenye ndoo ya maji, ili hewa ya bia inayochachuka ipate pa kutokea. Matano yalikuwa na bia. La sita lilikuwa limeoshwa, limekauka, mlango wake u wazi. Na bado maji ya ndoo yake yalipasuka kwa povu moja, yakatulia, yakapasuka tena, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Alimgusa mumewe kwa kiwiko, akamwonyesha. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu tarehe 30 Juni 2017 baada ya miaka thelathini na moja barabarani, aliinama akatazama kama anayekagua gurudumu.

"Limeshiba hilo, mama watoto," alisema. "Linacheua."

Darasa lile la kutengeneza bia walikuwa wamezawadiwa na binti yao kwa kutimiza miaka thelathini na mitano ya ndoa. Wanafunzi walikuwa wanane, wote wamevaa aproni na mabuti ya mpira. Mwalimu, mtu mwembamba mwenye macho ya kukesha, alimtaka kila mmoja aeleze kwanza kazi yake. Alisikiliza kwa adabu tu, mpaka zamu ya Dereva ilipofika. Hapo akauliza kama barabarani aliwahi kunyonya mafuta kwa mpira. Dereva akajibu kwamba mdomo wake umeonja dizeli nyingi kuliko chai. Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alimhamishia meza ya mwisho, jirani na tangi la sita.

Walisaga kimea, wakakiloweka katika maji ya nyuzi joto sitini na saba, wakachuja, wakachemsha yale maji matamu pamoja na maua machungu ya hopsi kwa saa nzima, mpaka chumba kikanuka mkate na majani mabichi. Yalipopoa, Mwalimu alileta hamira, tope zito la rangi ya maziwa, akaikorogea katika kila sufuria. Alisema imerithishwa kutoka pipa hadi pipa tangu tarehe 2 Julai 1984 na haijapata kufa. Kisha akatoa onyo moja. Wakati wa kuhamishia kinywaji kwenye mtungi wa kioo, mpira ujazwe maji safi, uzibwe kwa kidole, ndipo ushushwe. Mtu asivute kwa mdomo. Mdomo una vijidudu, alisema, akageuka akatazama dirishani.

Dereva alikuwa amesikia. Lakini alipoona mpira, chombo juu na chombo chini, miaka thelathini na moja ikamtangulia: akautia mdomoni, akavuta.

Kinywaji hakikupanda. Mashavu yake yalibonyea, yakazidi kubonyea, na Mshonaji, aliyekuwa ameshika mtungi, akatambua kwamba mumewe havuti tena bali anavutwa, kwamba mpira umemganda midomoni na kifua chake kinashuka bila kupanda, huku ndoo ya tangi la sita nyuma yao ikichemka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, mpaka Mwalimu alipokuja na kisu akaukata mpira, taratibu, kama mtu asiye na haraka.

"Umemeza, mzee, au umetoa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Dereva alikohoa, akacheka, akasema kwamba hata petroli haikuwahi kumfanyia ukaidi namna ile.

Walirudi nyumbani na mtungi wao, wakauweka pembeni mwa cherehani. Juu yake kulikuwa na kizibo chenye maji kidogo, cha kupitishia hewa, nacho kilitoa povu mchana kutwa. Walikuwa wameelezwa kwamba povu lingekoma baada ya wiki mbili. Tarehe 23 Machi ikapita, halikukoma.

Jumanne ya tarehe 2 Aprili, baada ya chakula cha mchana, Dereva alisinzia kitini na Mshonaji akaketi kupinda sketi. Pumzi ya mumewe aliijua kwa miaka thelathini na mitano: ilikwenda, ikasita katikati kama mgeni mlangoni, kisha ikamalizika. Aliisikia, akaendelea kukanyaga pedali, ikamchukua muda kuelewa kwamba haitoki kitini, bali inatoka kwenye mtungi wa kioo, kwamba povu linapanda, linasita, linapasuka, na kwamba kifua cha yule aliyelala, chini ya shati alilomshonea mwenyewe, hakisogei hata kidogo. Akanyoosha kidole akaziba kizibo. Macho ya mumewe yakafumbuka, meupe, mdomo ukafunguka bila sauti. Akaondoa kidole, povu likapasuka, naye akarudi.

"Usinizibie, mama watoto," alinong'ona, na kinywa chake kilinuka kimea kilicholowa. "Huku hakuna hewa. Na siko peke yangu."

Mganga aliyeitwa kesho yake, mama mmoja mzito asiyependa maneno mengi, alitega sikio kwenye kioo kwa muda mrefu. Alipoinuka alianza kufunga mkoba wake.

"Jini hili halina pumzi, linaishi kwa za watu. Kulitoa naweza," alisema. "Litatoka na pumzi ya mumeo."

Jumamosi ya tarehe 6 Aprili, Mshonaji alikwenda kiwandani peke yake. Mwalimu hakukana. Alieleza, akiwa ameketi juu ya gunia la kimea, kwamba tarehe 2 Julai 1984 kaka yake aliingia kuosha tangi la sita kabla ya kulipitishia hewa, akatolewa maiti, akazikwa. Na kwamba ndoo haikukoma kupumua tangu siku hiyo. Jini la tangi, alisema, hukaa mahali pasipo hewa. Yeye alikuwa ameilisha ile hamira miaka yote, kwa kuwa aliijua pumzi ya kaka yake kama anavyojua sauti yake mwenyewe.

"Niliambiwa likipata pumzi mpya litaachia ya zamani."

"Ukamweka mume wangu meza ya mwisho."

"Nilimwonya, dada. Ulinisikia nikimwonya."

"Likaachia?"

Mwalimu alinyoosha kidole kwenye ndoo ya tangi la sita. Mshonaji aligeuka kuitazama ndoo. Lilipanda povu moja, la polepole, la usingizi. Likafuata la pili, lililosita katikati kama mgeni mlangoni.

Aliporudi nyumbani aliulisha mtungi sukari, kwa kuwa mapovu yalikuwa yamepungua na midomo ya mumewe imeanza kuwa ya bluu. Aliulisha kila asubuhi. Mtungi ulikaribia kujaa. Binti yao alipopiga simu kuuliza kama bia imeiva, alimwambia bado kidogo.

Jumamosi ya tarehe 11 Mei 2019, saa tatu kamili, darasa jipya lilikuta mwanamke mwenye aproni iliyopigwa pasi vizuri akigawa mabuti mlangoni. Alimwuliza kila mmoja kazi yake. Mzee mmoja mcheshi alisema alikuwa fundi wa magari, na kwamba alikuwa ameshakunywa petroli ya kutosha kuzunguka dunia. Wenzake wakacheka.

Mshonaji alimpeleka meza ya mwisho. Wakati ulipofika alitoa onyo kwa ukamilifu, neno kwa neno, kisha akageuka akatazama dirishani.

Nyuma yake mzee alivuta kwa mdomo; ndoo ikachemka, ikatulia. Akasikiliza, akiomba kimoyomoyo ile pumzi yenye kusita isisikike tena. Likapanda povu moja. Likapanda la pili, likasita, likapasuka. Kisha, baada ya kitambo, la tatu.